Walivyojichonga Wenyewe, Walivyowachonga Wengine: Jumba la Wabunifu Majengo Jijini London

Wasikilizaji wa siku nyingi wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC walilizoea jina la Bush House kama jina la mtaa wao wenyewe. Mwaka 2012 idhaa za dunia zilihamishwa kutoka jengo hilo na kupelekwa makao makuu ya BBC, pale inapoanzia barabara ya Portland Place. Ukiifuata barabara hiyo kwenda kaskazini kwa dakika chache unafika kona ya Weymouth Street, na hapo linasimama jumba la mawe meupe lenye milango mizito ya shaba. Mbele yake kuna nguzo mbili zisizobeba paa wala dari, zimebeba sanamu tu: mwanamume juu ya moja, mwanamke juu ya nyingine. Namba yake ni 66. Hapa ndipo nyumbani kwa Taasisi ya Kifalme ya Wabunifu Majengo wa Uingereza, RIBA. Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walilifungua tarehe 8 Novemba 1934.

Vyama vya wataalamu viko kila mahali. Hutunga kanuni, hutoza ada, hutoa vyeti, huwaadhibu wanaokiuka maadili, na kumbukumbu zake hubaki kwenye mafaili ambayo hakuna anayeyafungua. RIBA walikwenda mbali zaidi. Walichukua fikra zao kuhusu kazi yao na kuhusu dunia, wakazichonga kwenye mawe, mbao na plasta, wakazibandika kwenye kuta wanazozipita kila siku. Ndiyo maana jumba hili linanishughulisha. Mtu anayetaka kujua taaluma ya ubunifu majengo ilijionaje wakati himaya ya Waingereza ilipokuwa kileleni, na ilituona vipi sisi tuliokuwa chini ya himaya hiyo, hana haja ya kuanzia maktabani. Aanze na dari, nguzo na ubao wa mbao ulio ghorofa ya kwanza.

Taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1834 na kupata hati ya kifalme mwaka 1837. Jina la heshima la "Kifalme" lilikuja mwaka 1866. Kwa miaka zaidi ya 60 ilikuwa ya wanaume watupu, hadi mwaka 1898 ilipompokea Ethel Charles, mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama. Ilipokaribia kutimiza miaka 100 ilikuwa imekwisha kuizidi nyumba yake ya Conduit Street, ikatangaza shindano la kubuni makao mapya. Michoro 284 ilipelekwa, na mwaka 1932 mshindi akatangazwa kuwa George Grey Wornum. Hebu fikiria uzito wa kazi ile. Wateja wake wote walikuwa wabunifu majengo, waamuzi walikuwa wabunifu majengo, na walioshindwa wangepita mlangoni kwake kila wiki wakikagua kila kiungo cha jiwe.

Wornum alijibu kwa busara. Mifupa ya jengo ni chuma, kama majengo mapya ya wakati ule, lakini akaivika mawe ya Portland, mawe yaleyale yaliyojenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Alijifunza mengi kutoka Sweden, ambako wabunifu wa kizazi chake walikuwa wamepata njia ya kuwa wa kisasa bila kuachana na nakshi. Mkewe, Miriam, mbunifu mzaliwa wa Marekani, alishiriki katika mapambo ya ndani. Vijana waliotaka usasa mtupu, kuta nyeupe zisizo na pambo, waliliona jumba hili kuwa la watu wasioweza kuamua. Wakongwe wa nguzo na mataji nao hawakuridhika. Kwa macho ya leo nadhani Wornum aliwashinda wote wawili, maana ngazi yake kuu bado ni miongoni mwa ngazi nzuri kabisa nchini Uingereza. Inapanda katikati ya nguzo nne kubwa zilizovikwa marumaru iliyosuguliwa, na kingo zake ni vioo vilivyochorwa kwa kukwaruzwa, kiasi kwamba anayepanda anaonekana na watu wa ghorofa zote. Aliyeibuni alijua kwamba wanachama wa chama hupenda kuonana na kuonekana.

Lakini uzuri haukuwa lengo pekee. Miaka hiyo taaluma hii ilikuwa katika mapambano ya kujiwekea mipaka. Mwaka 1931 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kusajili wabunifu majengo, na mwaka 1938 ikaja nyingine iliyozuia mtu yeyote asiyesajiliwa kujiita mbunifu majengo. Katikati ya sheria hizo mbili ndipo jumba lilipofunguliwa. Na mwaka huohuo wa 1934, huku kwetu, koloni la Kenya likapata sheria yake ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, iliyofuata mfano wa Uingereza. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa bodi inayosajili wataalamu wa Kenya hadi leo. Kwa hiyo, wakati wachongaji wanamaliza nakshi za Portland Place, jijini Nairobi palikuwa panaandikwa nani ataruhusiwa kuitwa mbunifu. Mwafrika hakuwa na chuo cha kusomea kazi hiyo popote Afrika Mashariki. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi, ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilifunguliwa mwaka 1956. Mlango uliwekwa kufuli miaka 22 kabla ya kuwapo darasa la kumfundisha mtu namna ya kuufungua. Mimi jambo hili siwezi kulitenganisha na nakshi za jumba lile, na ndiyo sababu napenda tuzisome polepole.

Tuanze nje. Juu ya mlango mkuu kuna umbo lililochongwa na Bainbridge Copnall, linalowakilisha hamu ya ubunifu. Milango ya shaba ni kazi ya James Woodford. Kila mmoja una uzito wa takriban tani moja na nusu, na umejaa mto Thames na majengo ya London. Upande wa Weymouth Street, juu kabisa, Copnall alichonga watu watano waliosimama kwa safu: mchoraji, mchongaji, mbunifu majengo, mhandisi na mfanyakazi wa mikono. Nakiri safu ile inanivutia. Fundi amewekwa kimo kimoja na mbunifu, jambo ambalo hata leo hulioni kwenye vibao vya miradi yetu, ambako jina la mshauri, la mkandarasi na la mfadhili huandikwa kwa herufi kubwa, na aliyefunga nondo hatajwi. Hata hivyo, kati ya wale watano ni mmoja tu mwenye sura ya mtu anayejulikana. Mbunifu ni Christopher Wren, yule aliyebuni kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Wengine ni fundi yeyote na mchoraji yeyote.

Sasa tuingie Ukumbi wa Florence, ghorofa ya kwanza. Hapa nguzo za madirisha zimechongwa kisa cha binadamu na majengo yake tangu kale, na darini Woodford ameweka picha za plasta za mafundi wa fani za ujenzi. Ni ukumbi wa kusherehekea kujenga. Halafu mwishoni mwake kuna kile kinachoitwa Ubao wa Dominioni, kiambaza cha mbao za msonobari wa Quebec, Kanada, kilichochongwa na Denis Dunlop, chenye vipande 20. Dominioni zilikuwa zile nchi za himaya zilizojitawala kwa mambo ya ndani chini ya walowezi: Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. India nayo imo, ijapokuwa haikuwa na hadhi hiyo. Vipande vile vinaonyesha watu wa nchi hizo, wanyama wao, mimea yao na shughuli za kiuchumi zilizokuwa zikiitajirisha London.

Simama hapo kidogo. Nguzo zinasimulia watu waliojenga. Ubao unasimulia watu walioko karibu na wanyama na mazao. Yote yamo katika chumba kimoja, yamelipiwa na mteja mmoja na kuzinduliwa siku moja. Sidhani kwamba Dunlop alikuwa na chuki, na ustadi wa mkono wake hauna ubishi. Tatizo liko kwenye mpango wenyewe, kwenye uamuzi wa nani atawakilishwa na kazi yake na nani atawakilishwa na rasilimali za ardhi yake. India, yenye makaburi, mahekalu na misikiti ambayo wabunifu wa Ulaya walikuwa wakiisafiria ili waione, imeingia humo kama sehemu ya bidhaa za himaya.

Afrika Mashariki haimo katika ubao ule. Hatukuwa dominioni. Kenya ilikuwa koloni, Uganda na Zanzibar zilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Tanganyika ilikuwa eneo walilokabidhiwa baada ya Wajerumani kushindwa vita. Kwa mpangilio ule hatukufikia hata daraja la kuchongwa. Na haya yalitokea wakati Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la mawe ya matumbawe na chokaa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lilikuwa tayari limekaa miaka 600 juu ya mwamba wake likitazama bahari, na mji mzima wa Gedi, pwani ya Kenya, ulikuwa umelala msituni na misikiti yake na visima vyake. Hakuna aliyeulizwa nani aliyeyabuni.

Chini, katika Ukumbi wa Jarvis wa mihadhara, kuna mchoro mkubwa wa Copnall ambao unasema jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Katikati limekaa baraza la RIBA, limezungukwa na majengo ya fahari. Pembezoni wamewekwa wenyeji wa makoloni. Baraza ndilo linaloamua na wale wa pembeni ni mapambo. Vizazi vya wanafunzi, wakiwemo waliotoka Lagos, Colombo na Nairobi, walikaa mbele ya picha ile wakisikiliza mihadhara kuhusu mwanga, uwiano na matumizi ya nafasi.

Watu wa Afrika Mashariki walifika kwenye taaluma hii kwa njia zao. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisomea Bombay, kisha akarudi kuijengea Dar es Salaam shule na makanisa ya kisasa yaliyojua jua na upepo wa pwani. David Mutiso alisoma Sheffield, na baadaye, akiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway, akalisimamisha jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, lililokamilika mwaka 1973. Beda Amuli alisomea Haifa, Israel, akarejea kuwa mbunifu majengo Mwafrika wa kwanza wa Tanzania, na ndiye aliyetupa Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, lenye miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. Angalia ramani hiyo: Bombay, Sheffield, Haifa. Ni mmoja tu kati ya watatu hao aliyepata elimu yake Uingereza.

Nao Waingereza na ndugu zao walikuja huku. Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, mmoja wa wale vijana wa usasa mtupu wa London ya miaka ya 1930, alihamia Tanganyika katika miaka ya 1940, kisha Nairobi, na mkono wake umo katika majengo ya Bunge la Kenya. Kabla yake alikuwapo Herbert Baker, ambaye michoro yake ndiyo iliyotoa Ikulu ya Nairobi ya leo na shule iliyoitwa Prince of Wales, sasa Nairobi School. Baker alitunukiwa Nishani ya Dhahabu ya Kifalme ya RIBA mwaka 1927. Majina ya wote waliopata nishani hiyo, tangu Charles Robert Cockerell mwaka 1848, yamechongwa kwenye marumaru ya kuta za ukumbi wa kuingilia, pamoja na ya marais wa taasisi.

Ukuta huo wa majina ndio sehemu ya jumba ninayoiona kuwa na uhai. Ubao wa Dunlop ulikamilika mwaka 1934 na hauongezeki. Ukuta wa majina unaendelea. Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, aliingia mwaka 2016 akiwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani hiyo peke yake. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya David Adjaye, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966 wazazi wake Waghana wakiwa huko kikazi. Mwaka 2022 Balkrishna Doshi wa India, 2023 Yasmeen Lari wa Pakistan, 2024 Lesley Lokko, Mghana mwenye asili ya Uskoti pia, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Na mwaka 2023 Muyiwa Oki, mzaliwa wa Nigeria, akawa rais wa kwanza mweusi wa taasisi, baada ya kampeni ya vijana waliotaka uongozi wa mfanyakazi wa mshahara badala ya mwenye kampuni. Ukipanga nishani za miaka minne hiyo, 2021 hadi 2024, unakuta kila jina lina mizizi Afrika au Asia ya Kusini. Mtu asiseme hilo ni dogo. Mwaka 1934 wangeangaliwa kama watu wa kuchongwa kwenye msonobari.

Kwa hiyo nini kifanyike kwa ule ubao na ule mchoro? Wapo wanaotaka viondolewe, na sababu zao nazielewa vizuri. Mwanafunzi mweusi anayekwenda kupokea tuzo katika ukumbi ule hana deni la kuvumilia matusi ya mababu wa watu wengine. Wapo pia wanaosema jengo limesajiliwa katika daraja la II* la urithi wa taifa, basi lisiguswe hata kidogo, na mjadala ufungwe. Kundi hili la pili nalipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu linatumia sheria ya kuhifadhi majengo kukwepa swali ambalo jengo lenyewe linauliza.

Msimamo wangu ni kwamba vibaki, tena mahali pake, na taasisi ilazimike kuishi navyo hadharani. Ubao ukipelekwa stoo, RIBA itapumua, na sisi tutapoteza ushahidi. Ni mara chache sana chombo chenye mamlaka hukiri kwa mkono wake mwenyewe namna kilivyoipanga dunia. Maonyesho ya mwaka 2024 yalionyesha njia nzuri. RIBA iliwaita wasanii wanne, Thandi Loewenson, Giles Tettey Nartey, Esi Eshun na Arinjoy Sen, wakatengeneza kazi mpya za kuujibu ubao na mchoro ndani ya jumba lilelile. Shida ni kwamba maonyesho yana tarehe ya kufungwa. Jibu la miezi michache haliwezi kulingana na kauli iliyochongwa ili idumu. Taasisi ina mpango wa matengenezo makubwa ya jumba, na huu ndio wakati wa kuyafanya majibu kuwa sehemu ya kudumu ya kuta, kwa bajeti na kwa mafundi wa hadhi ileile waliyopewa Dunlop na Copnall.

Hilo ni lao. Lililo letu linanigusa zaidi, nalo ni maktaba. RIBA ina hazina yenye zaidi ya vitu milioni 4: michoro, picha, vitabu, barua na vielelezo. Humo mna michoro zaidi ya 300 ya Palladio, mbunifu Mwitaliano wa karne ya 16, sehemu kubwa ya ile yote iliyobaki duniani. Taasisi ile, pamoja na dhambi zake zote, ilielewa kwamba chama cha wabunifu kinachoshindwa kutunza michoro ya wanachama wake hakina cha kuwarithisha vijana. Kwa miaka mingi hata Jumuiya ya Wabunifu Majengo wa Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1965 nchi zetu zilipokuwa zimepata uhuru, ilitumia anwani hiyohiyo ya 66 Portland Place. Tulipata bendera, ila barua zetu za kitaaluma ziliendelea kupitia mlango ule wa shaba.

Kenya ina chama chake cha wabunifu tangu mwaka 1967. Tanzania ina bodi ya usajili iliyowekewa sheria mwaka 1997. Wataalamu tunao, tena wazuri. Lakini Julai 2021 Soko la Kariakoo lilipoungua usiku, mazungumzo yalikwenda moja kwa moja kwenye hasara za wafanyabiashara na chanzo cha moto, kama ilivyostahili, na jina la Beda Amuli likatajwa na wachache mno. Jengo lile lilikuwa hoja kamili kuhusu namna Mwafrika huru anavyoweza kujenga kwa zege, mvua na joto lake. Lilihitaji chama chenye sauti, chenye nakala ya kila mchoro wake na chenye mahali pa kuuonyesha kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu Ardhi bila kumwandikia mtu barua ya kuomba kibali.

Vyama vyetu vinapopanga kujenga, mazungumzo huwa ni ya ghorofa za kupangisha. Sina ugomvi na kodi, maana hata ada za wanachama hazitoshi. Ninachotaka ni kwamba katika kila mchoro wa makao mapya, Nairobi, Dodoma au Kampala, ghorofa moja itengwe kuwa hifadhi yenye ubaridi wa kutunza karatasi, na kazi ya kwanza iwe kuwafuata wazee waliobaki wa kizazi cha uhuru, na familia za waliokwisha kufariki, kabla michoro iliyoviringishwa chini ya vitanda na juu ya makabati haijaliwa na mchwa. Pale London walianza kukusanya wakiwa hawana hata nyumba ya kudumu. Sisi tunaweza kuanza mwaka huu, kwa Amuli, Mutiso na Almeida, na mashine moja ya kuskania.